Jina Lililo Begani Mwangu

Kwa miezi saba nilimpenda Rehani kupitia vifungo viwili vya shati. Sikuwahi kuomba cha tatu. Kila tulipokutana nyuma ya duka la mjomba wake huko Kilwa Masoko, pale alipokuwa akiuza misumari na mabati, alitazama huku na huku, akafungua cha kwanza, akafungua cha pili, na jina langu likachungulia kwenye ngozi yake. NAIMA. Herufi tano nyeusi, na jani dogo limening'inia kwenye mkia wa A ya mwisho. Nilikuwa nikicheka mwenyewe kama mjinga. Kisha alivifunga haraka na kuniambia, "Umeshajiona? Haya nenda, mjomba atatoka."

Na mimi nilikuwa nalo la kwake. REHANI, begani kwa nyuma, upande wa kushoto, mahali ambapo dera hufunika bila kuambiwa. Langu lilichorwa kwa sindano na Jonas, kijana mwenye mashine yake ya tatuu kwenye chumba kimoja karibu na stendi ya Lindi mjini. Tulikwenda wawili, siku ya tatu baada ya Idi. Wazo lilikuwa la Rehani. Alisema pete inavuliwa, ngozi haivuliwi. Akasema nianze mimi. Nikalala kifudifudi, nikauma mtandio mpaka ukatoboka, na herufi ya mwisho ilipokwisha tu, umeme ukakatika. Tulikaa na joto lile saa nzima, haukurudi. Rehani akasema atakuja mwenyewe siku nyingine. Wiki iliyofuata akanifungulia vifungo viwili.

"Usiguse," aliniambia. "Bado kidonda."

Sikugusa. Na hapo ndipo ninapojichukia, maana kazi yangu mimi ni ngozi za watu. Nachora hina na piko, ile rangi nyeusi ya maharusi. Kutoka Kivinje mpaka Somanga, bi harusi akitaka maua ya kueleweka anatafutwa Naima, au anatafutwa Fauzia, rafiki yangu tuliyejifunza naye kazi hii kwenye mkeka mmoja. Siku za kazi Fauzia yuko mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni Masoko, na siku za harusi tunachora pamoja, yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto, na mtu hawezi kujua wapi mmoja kaishia. Ni yeye tu niliyemwonyesha bega langu. Alilitazama muda mrefu, akasema, "Wageni wetu hotelini wamechorwa mpaka shingoni na tunawaita mabosi. Sisi tukionekana na kidoti tunarudishwa nyumbani kubadilisha. Lifiche, shoga yangu."

Nikalificha. Nililificha zaidi kwa ajili ya Mama Rehani. Mama huyo namheshimu, lakini ana ulimi. Siku moja nikiwa naye Masoko aliingia duka la simu, akamwona binti mwenye ua la tatuu mkononi, akageuka na kutoka bila kusema alichofuata. Huko nje akaniambia, "Mwanamke anayejiandika hivyo anamtafuta nani amsome?" Nilivuta mtandio mpaka ukanibana shingo.

Jioni ile nilimlilia Rehani. Kwao kuna desturi kwamba siku ya singo, bi harusi anaposuguliwa mwili kwa manukato ya kusagwa, mama mkwe ndiye anayempaka mkono wa kwanza, mgongoni, kabla ya somo wake, yaani kungwi, kuendelea. Bega langu lingekwenda wapi?

"Acha alione," Rehani alisema. Alinitazama kwa yale macho yake ya polepole, ambayo yakikutulia unasahau ulichokuwa unalalamikia. "Mimi nitakuwa barazani siku hiyo. Akikugombeza, niite. Nitaingia nivue shati mbele yake. Akikasirika, atukasirikie wote wawili."

Nililala usingizi mzuri kwa neno hilo. Atukasirikie wote wawili.

Hata alipokwenda Dar kwa usaili wa kampuni ya ulinzi, akarudi na barua ya kazi, sikuwaza kitu. Kweli tangu arudi hakufungua hata kifungo kimoja. Alisema harusi imekaribia, sasa tuoneane haya kidogo. Nikaona nimepata mume mwenye adabu.

Siku ya singo ikafika, Alhamisi, zikiwa zimebaki siku nane ndoa ifungwe. Bibi Likwata, mama yake mama yangu, aliyetoka Umwera kuja kuwa somo wangu, alikuwa amesaga liwa, karafuu na mrehani tangu asubuhi mpaka uani kwetu kote kukanukia. Fauzia alishika bakuli. Mimi nilikaa kwenye kigoda, khanga nimeifunga chini ya makwapa, mgongo wazi. Mama Rehani aliingia akiwa na bashasha.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Leo nakutia mkono, wiki ijayo unakuwa wangu."

Alichota singo, akaniwekea katikati ya mgongo. Ilikuwa baridi na mkono wake ulikuwa laini kuliko nilivyodhani. Alipanda nao polepole huku akinisomea dua. Ulipofika begani ukasimama, na dua nayo ikasimama.

"Hii nini?"

"Mchoro," alisema Bibi Likwata, kana kwamba ameulizwa habari ya mbuzi.

"Ni tatuu, mama," nilisema mimi.

"Kuwa ni tatuu naona. Miwani nimeiacha nyumbani. Fauzia, nisomee imeandikwaje."

Fauzia aliangalia ndani ya bakuli. Mama Rehani akamwita tena, basi nikasoma mwenyewe bila kugeuka. "Rehani."

Alifuta mkono wake kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. "Jina la mwanangu limefika hapa kwa ruhusa ya nani?"

"Yake mwenyewe, mama. Na yeye ana la kwangu kifuani."

Nilidhani atapiga kelele. Alicheka, tena akanionea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonitisha. "Mwanangu juzi kavuliwa shati mbele ya daktari wa kampuni. Wamemkagua utosini mpaka unyayoni. Mwenye mchoro hata wa sindano moja hachukuliwi, imeandikwa kwenye tangazo lenyewe. Hukuambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa habari ya mashati wala ya tangazo. Lakini nilijua yeye ndiye aliyekosea, kwa sababu mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu.

"Naomba aitwe," nilisema.

"Mwanamume haingii penye singo."

"Leo ataingia," alisema Bibi Likwata. "Mimi ndiye somo. Fauzia, mwite."

Nilijifunika khanga ya pili mabegani. Rehani akaingia ameinama kidogo pale mlangoni, kanzu za watu wengine haziwapendezi kama shati lake jeupe lilivyompendeza, na moyo wangu, mpumbavu huyu, ukafurahi kumwona. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akaangalia chini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu," Bibi alimjibu kwa utani wake.

"Rehani," alisema mama yake, "mchumba wako ana jina mgongoni. Anasema mmeandikana."

Nikasubiri. Vifungo vya shati vilikuwa sita, vyote vimefungwa mpaka kooni, na joto lile. Nilimtazama machoni ili ajue siogopi na yeye asiogope.

"Naima," alisema. "Kwa nini hukuniambia una tatuu?"

Sikuelewa. Nilidhani anamtania mama yake kwanza, atulize mambo. Nikatabasamu hata.

"Rehani, nimekuita kama tulivyoahidiana."

"Tuliahidiana nini?"

"Jina ni lako," mama yake alimwambia. "Nijibu mimi. Jina ni lako au si lako?"

Alisimama pale. Nasema kweli, nilimwona akichagua. Macho yalikwenda begani kwangu, yakaenda mlangoni ambako mjomba wake alikuwa akikohoa barazani, yakarudi kwa mama yake.

"Mama," alisema, "Rehani wako wengi Kilwa hii."

Kuna maneno mtu anayasema na wewe unabaki kuyasikiliza wakati yeye ameshamaliza. Kwa maneno matano alikuwa amenipa mwanamume mwingine, ambaye simjui, ambaye hayupo, akaniacha nimechorwa jina lake siku nane kabla ya ndoa. Angekana mapenzi yetu ningelia. Hili liliniondolea hata machozi.

"Vua shati," nilimwambia.

"Naima, tusifike huko."

"Vua, mwanangu," alisema Mama Rehani. "Limalizike."

"Vua," alisema Bibi Likwata. "Nimezaa wanaume watano, kifua hakinishtui."

Akafungua. Cha kwanza, cha pili. Cha tatu, cha nne. Akaachanisha shati, na kifua chake kilikuwa kitupu. Hakuna N, hakuna A, hakuna chochote.

"Mmeona?" alisema mama yake.

Mimi nilikuwa nimesimama. Nilimsogelea, karibu kuliko nilivyowahi kumsogelea, nikainamisha kichwa kumtazama pale pa jina langu. Kwa mtu mwingine kilikuwa kifua kisafi. Kwa mchoraji kulikuwa na vipele. Vidogo, vikavu, vimepangana kwenye mistari. Ninavijua vipele hivyo, nimeshawaona navyo mabibi harusi. Ngozi ikiikataa piko, rangi hutoka baada ya siku kumi na vipele hubaki kule kule brashi ilikopita. Nikavisoma vyote mpaka mwisho. Kwenye mkia wa A ya mwisho lilikuwepo jani.

Piko. Miezi saba, na mimi mwenye piko ndani ya kabati langu. Wazee walisema mganga hajigangi, nikadhani wanasema habari za waganga.

"Mama," nilisema, "njoo uguse. Hapa hapahitaji miwani."

Rehani alitaka kufunga shati, lakini mama yake alikuwa ameshafika. Aliweka kidole chenye singo juu ya kifua cha mwanawe, akakipitisha. Kilikwenda, kikapinda, kikashuka. Nilikuwa namtazama usoni na niliona pale alipoelewa. Aliutoa mkono. Alimtazama mwanawe kwa muda, naye hakuinua macho.

"Funga shati lako," alimwambia.

Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa na ukali tena. "Vipele vitapona, Naima. Lako haliponi. Nitakwenda kuwaambia wazee harusi imesimama."

Akaondoka, na mwanawe akamfuata, kifungo kimoja kikiwa kimeingia tundu lisilo lake.

Uani tukabaki watatu. Fauzia alikuwa bado anakoroga singo ambayo ilikuwa imekorogeka tangu asubuhi. Sikuhitaji kumuuliza ni mkono wa nani ule. Lile jani tulilibuni pamoja, kwenye ule mkeka, kabla hatujamjua Rehani wala huyo Rehani wake mwingine. Mimi niliacha kulichora kwa sababu linachelewesha kazi. Yeye hakuacha, na mimi miezi saba yote niliona jina langu tu.

"Mara ngapi?" nilimuuliza.

"Naima, nisikilize."

"Nakusikiliza. Mara ngapi?"

"Kila wiki mbili." Aliliweka bakuli chini. "Alikuja wiki ile ile ya umeme. Alisema nimchoree kwa muda, akipata nafasi ataenda Lindi kweli. Eti usione umechorwa peke yako. Niliona nakufurahisha wewe."

"Na wiki mbili za pili?"

"Alisema amesoma tangazo la kazi. Alisema siku ile umeme ulipokatika ni Mungu alimwokoa."

"Na mimi nilikuwa nimelala pale pale," nilisema. "Mungu hakuniona?"

Alianza kulia. Fauzia akilia anakuwa mzuri, tangu tukiwa shule, na siku zote mimi ndiye ninayemfuta. Mikono yangu ikabaki kwenye khanga.

"Kuna kingine kati yenu?"

"Hakuna. Wallahi hakuna, Naima. Sikumgusa zaidi ya brashi."

"Brashi inatosha. Ulikuwa unaniandika kwenye kifua cha mtu, unaosha mikono, unakuja kula kwetu. Mama yangu anakuwekea paja la kuku."

"Nilitaka kukwambia. Kila siku nilitaka."

"Siku mia mbili, Fauzia."

Alipangusa uso, akasogea, na akasema jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la upendo au la aibu. "Nina koni zangu za piko hapa. Naweza kukuchorea waridi juu yake, kubwa, lisisomeke. Watu wa ndani wasilione leo."

"Piko yako inakaa siku ngapi?"

Aliokota koni zake moja moja, akavaa baibui, akatoka kwa mlango wa uani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe nilimwazima.

Nilikaa kwenye kigoda. Bibi Likwata alikuja akaketi nyuma yangu, nikasikia magoti yake yakilia.

"Mke mwenzangu," alisema, "geuka nikuone."

Nikageuka. Uso wa Bibi una chale, mistari mitatu kila shavu na mingine kwenye paji, imefifia kwa mikunjo. Nikiwa mdogo nilikuwa nikiihesabu ili nilale.

"Hizi nilichanjwa kwa wembe nikiwa binti. Nililia siku mbili. Bila chale huolewi, ndiyo yalikuwa maneno yao. Sasa nyie mnaambiwa mkiwa nazo hamuolewi. Wanaume ni wale wale, mke mwenzangu. Sababu ndizo zinabadilishwa."

Nilicheka, na kile kicheko ndicho kilichonitoa machozi. Nililia mapajani kwake mpaka khanga yake ikalowa. Nilimlilia Rehani, sitaki kujisifu kwamba nililia kwa hasira tu. Nilililia lile shati jeupe na macho ya polepole, na maisha ya Dar tuliyokuwa tumeshayapanga mpaka rangi ya pazia.

"Basi," alisema Bibi. "Singo imeshasagwa, haitupwi. Lala."

"Harusi haipo, bibi."

"Ngozi ipo. Lala."

Nikalala kwenye mkeka. Alinipaka miguu, kiuno, mgongo, akisugua kwa nguvu za mwanamke aliyelima korosho maisha yake yote. Alipofika begani hakuruka wala hakusugua zaidi. Alipitisha kiganja pale kama alivyopitisha kwingine, akaendelea na shingo.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha na watu walishaanza kutoka msikitini, nasikia maongezi yao yakipita mtaani, ikapigwa hodi mlango wa uani. Polepole. Vidole viwili tu.

"Naima. Fungua, nakuomba."

Mkono wa Bibi ukatulia mgongoni mwangu.

"Nilibabaika," ile sauti ilisema kwenye ufa wa mlango, chini chini. "Mama alikuwa ananitazama. Ningesema kweli ingefika kazini, ningepoteza kila kitu. Mama atapoa, namjua. Na Dar kuna mahali wanafuta kwa mashine. Nitakupeleka. Tutaanza upya."

Nilikaa. Singo ilikuwa imeanza kukauka na kunivuta ngozi kila nilipojongea. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaukanyaga udongo, unakwenda. Nisiwadanganye, ulikuwa unakwenda. Komeo lilikuwa hatua nne.

"Naima, unanisikia?"

"Nani?" niliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza mtaani, bila kunong'ona.

"Ni mimi. Rehani."

"Rehani yupi?"

Watu wa msikitini walikuwa wanapita nyuma yake. Nilimsikia jirani mmoja akimpa salamu, naye akaitikia. Neno nililolitaka lilikuwa dogo. Angesema, yule wa begani kwako. Angelisema kwa sauti, watu wale wakalisikia, na mimi nafikiri, Mungu anisamehe, ningefungua.

Nilimpa muda wake wote. Kisha nikasikia ndara zake zikiondoka, taratibu, kama za mtu aliyekuwa amekosea nyumba.